Umeachishwa kazi Tanga na sasa una ofa zaidi ya moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wa Ngamiani, Makorora, Duga, Pongwe hadi Muheza. Walipoteza kazi, na kabla hawajatulia wakajikuta na ofa mbili, wengine tatu. Nimekaa muda mrefu kwenye uwakilishi wa wafanyakazi, kwenye tawi la chama cha wafanyakazi, na mpaka leo watu hunijia na barua zao tuzisome pamoja. Jambo moja nitalirudia humu bila kuona haya: aliyeachishwa kazi hutamani kukubali ofa ya kwanza ili tu aweze kuwajibu watu kwamba ana kazi. Haraka hiyo ndiyo inayomgharimu. Pale jibu lilipo kwenye swali jingine nimeweka namba yake.

## Kabla hujachagua

1. Nimeachishwa wiki iliyopita na tayari kuna anayenitaka. Nishughulikie kazi mpya kwanza au haki zangu za zamani?

Vyote viende pamoja, ila jua kwamba haki zako zina tarehe ya mwisho. Kama unaona umeachishwa isivyo halali, shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Ofisi ya Tume ipo hapa mjini. Unajaza fomu, unampelekea mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha Tume. Shauri linaanza kwa usuluhishi, na mengi huishia hapo hapo.

Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini itabidi ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa naanza kazi mpya" si sababu nzito. Kwa hiyo hesabu siku zako leo, ziandike kwenye kalenda, halafu ndiyo urudi kwenye ofa.

Sheria inayokulinda dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kumbuka hilo pia utakapofika swali la 19, maana kwenye kazi mpya unaanza upya kuhesabu.

2. Wananidai au ninawadai? Nilipwe nini siku ya kuondoka?

Hata aliyeachishwa kwa kosa la nidhamu hulipwa mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo aliyokuwa bado anaidai. Kama hukupewa notisi uliyostahili, unalipwa mshahara wa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, na kama ni ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7.

Kiinua mgongo cha kisheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Ukifanya kazi miaka 4 na miezi 5, unadai siku 28. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati, wala aliyefanya kazi chini ya miezi 12. Kama uliajiriwa mahali pengine ukaletwa Tanga, kuna na gharama za kukurudisha ulikoajiriwa.

Na dai cheti cha utumishi. Watu wanakiacha kwa hasira, "sitaki karatasi yao". Kichukue. Ndicho kitakachomwambia mwajiri mpya ulikuwa nani pale na kwa muda gani, bila yeye kulazimika kumpigia simu bosi mliyegombana.

3. Nikisaini kazi mpya, kesi yangu CMA inakufa?

Haifi. Shauri linahusu kilichotokea siku ile ulipoachishwa: palikuwa na sababu ya haki, na utaratibu ulifuatwa? Kupata riziki kwingine hakubadilishi jibu. Kinachobadilika ni unachokiomba. Kama umeshatulia kwenye kazi nzuri, huenda usiombe kurudishwa kazini, ukaomba fidia. Mweleze hivyo anayekusaidia mapema.

4. Nilishauriwa niandike barua ya kujiuzulu "ili nisichafue jina". Nimeshaandika. Ina madhara?

Inayo. Barua ya kujiuzulu inasomeka kwamba uliondoka kwa hiari, na mtu wa aina hiyo hana notisi ya kulipwa, hana kiinua mgongo hicho cha siku 7, na fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, linamkimbia (swali la 5). Kama ulilazimishwa, yaani uliambiwa uandike au uitiwe polisi, au kazi ilifanywa isivumilike, sheria inakutambua kama uliyeachishwa. Lakini ni wewe utakayethibitisha. Andika leo hii nani alikuwepo chumbani, saa ngapi, na walisema nini. Kama bado hujaandika barua hiyo, usiiandike kabla hujaongea na chama chako cha wafanyakazi au Ofisi ya Kazi.

5. Kuna fedha yoyote ya kunisukuma wakati nachagua?

NSSF wana fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Nenda na barua ya kuachishwa, kitambulisho na namba yako ya uanachama. Hata kama hutalipata, safari ile ina faida: utaona kama mwajiri wa zamani alikuwa anapeleka michango au alikuwa anakata tu kwenye karatasi ya mshahara. Michango iliyokatwa bila kupelekwa ni dai jingine, na NSSF wenyewe wana nguvu ya kumfuata mwajiri.

Fedha ndogo ya wiki tatu mfukoni inakupa sauti mezani. Asiye na kitu kabisa hukubali chochote, na waajiri wanalijua hilo.

## Kuzisoma ofa zenyewe

6. Bosi ameniambia "anza Jumatatu, karatasi zitafuata". Hiyo ni ofa?

Ni maneno mazuri. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi unapoanza kazi: jina na anwani yako, kazi unayofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Mwajiri mwenye nia njema haoni ugumu kuandika ukurasa mmoja. Ukiwa na ofa moja ya maandishi na nyingine ya mdomo, bado una ofa moja tu. Mwombe huyo wa pili naye aandike, hata kwa ujumbe wa simu kwanza, ndipo uzilinganishe.

7. Moja ni 650,000 kabla ya makato, nyingine ni 520,000 taslimu mkononi bila makato. Si afadhali hiyo ya mkononi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tulifanyie hesabu pole pole.

Tuseme ofa ya kwanza ni kiwandani upande wa Pongwe, mshahara 650,000. NSSF inakata asilimia 10 yako, yaani 65,000, inabaki 585,000. Kodi ya mapato ya mshahara inatozwa kwenye hiyo 585,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kuanzia hapo hadi 520,000 unakatwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Zinazobaki 65,000 zinakatwa asilimia 20, ambayo ni 13,000. Kodi yote ni 33,000, na mkononi unapata 552,000.

Sasa toa nauli. Ukikaa Makorora na ukawa unatumia, tuseme, 2,000 kwenda na kurudi kwa siku 26, ni 52,000. Zimebaki 500,000. Ofa ya pili ni duka la jumla Ngamiani, unafika kwa baiskeli, 520,000 yote ni yako. Hapo mtu husema: si nilikwambia?

Ngoja. Kwenye ofa ya kwanza kuna 65,000 yako NSSF, na mwajiri anatakiwa aongeze 65,000 nyingine kutoka mfukoni mwake. Ni 130,000 kila mwezi kwa jina lako, 1,560,000 kwa mwaka. Duka la Ngamiani halina hata senti ya hiyo. Halafu uliza: ukianguka na gunia mgongoni, nani ataandika kwamba uliumia kazini kwake, wakati hakuna karatasi inayosema uliwahi kufanya kazi pale? Ukiugua mwezi mzima? Kwa mujibu wa sheria mwajiriwa ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Ana siku 28 za likizo ya mwaka. Mwajiriwa wa duka anazo pia kisheria, ila atazidai kwa ushahidi gani?

Na wewe umetoka kuachishwa. Unajua sasa hivi barua na karatasi za mshahara zilikusaidia nini, au zilikukosesha nini zilipokosekana.

Sisemi kazi ya duka ikataliwe. Nasema mwambie mwenye duka: "Mzee, nakuja, lakini niandikie mkataba na unisajili NSSF." Wako wanaokubali. Akikubali, hesabu inageuka, na ukaribu wa nyumbani unakuwa faida ya kweli.

8. Mkataba nimepewa, kurasa sita. Nisome wapi kwanza?

Anza na aina ya mkataba: wa muda usiotajwa, wa muda maalumu, au wa kazi maalumu. Kisha kipindi cha majaribio ni miezi mingapi na nani anasema umefaulu. Kisha saa za kazi. Kisheria saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Ukiona sentensi inayosema mshahara "unajumuisha saa zote za ziada", simama hapo na uulize ni ngapi.

Kama kuna zamu ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Posho nazo zitenganishe na mshahara wa msingi, kwa sababu kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, na mwajiri anayekupa msingi mdogo wenye posho kubwa anajua anachokifanya.

Kwenye mashamba ya mkonge, na sehemu nyingine za mbali na mji, ofa huja na nyumba. Nyumba ni neema, hasa kwa mwenye watoto. Soma inasemaje siku ukiachishwa: unapewa siku ngapi za kuhama? Aliyetolewa nje ya kambi na vyombo vyake kandokando ya barabara hasahau swali hili.

9. Kazi ya mradi inalipa zaidi ya kazi ya kudumu. Nichukue ipi?

Inategemea unajua mradi unaisha lini na utafanya nini siku hiyo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na ujenzi wake uliwapa vijana wetu wengi mishahara ambayo hawakuwahi kuiona. Lakini kazi ya kujenga huisha kitu kikishajengwa, na wanaobaki kuendesha mitambo ni wachache. Mkataba wa namna hiyo ukifika mwisho wake umekwisha. Hakuna aliyekufukuza, na kwa kawaida hutakuwa na cha kudai CMA.

Bandarini nako kuna yake. Tangu kina kilipochimbwa hadi mita 13 na meli kuanza kufunga gatini badala ya kushushia mizigo kwenye matishari, kazi za mizigo zimeongezeka. Ila nyingi ni za meli ikiwepo. Ukiambiwa "kwa siku elfu kadhaa", uliza kwa mwezi uliopita watu waliitwa siku ngapi. Zidisha kwa hizo, si kwa 26.

Mimi humshauri mwenye madeni machache na akiba ya miezi miwili aangalie mradi bila hofu. Mwenye ada za watoto watatu Januari ijayo, achukue kinachojulikana.

10. Ofa imetoka kwa kampuni ya wakala, lakini kazi ni kwenye kiwanda kingine. Mwajiri wangu ni nani?

Ni yule aliyeandikwa kwenye mkataba. Siku ukiachishwa, huyo ndiye utakayempeleka CMA. Uliza kabla ya kusaini: kiwanda kikisema hakikutaki tena, wakala atakulipa nini wakati anakutafutia pengine? Kama jibu ni "hakuna", basi una kazi ya siku kwa siku yenye kitambulisho. Na wakala asikutoze fedha ili akupe kazi. Ukiombwa hela ya fomu, sare au "kufungua faili", ondoka.

11. Nitamjuaje mwajiri mpya kabla sijaingia? Siwezi kuangukia pabaya mara mbili.

Nenda getini kwao saa ya kubadilishana zamu, tarehe za mwisho wa mwezi au mwanzoni mwa mwezi. Kaa kwa mama lishe aliye karibu na geti, agiza chai na maandazi, na mfungulie mazungumzo. Yule mama ana daftari la madeni. Anajua mishahara ilitoka tarehe ngapi, kwa sababu siku hiyo ndiyo anayolipwa yeye. Ukimwona analalamika kwamba wateja wake wa getini humo hulipa katikati ya mwezi unaofuata, umeshapata jibu ambalo afisa utumishi asingekupa.

Angalia pia wanaotoka. Je, wamevaa buti na glavu za kazi, au kila mtu na kandambili zake? Muulize mmoja ana muda gani pale. Ukiuliza watu watano na hakuna aliyefikisha mwaka, jiulize waliotangulia walikwenda wapi, maana nafasi unayopewa huenda ilikuwa ya mmoja wao. Na kwenye usaili uliza wazi: "Aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa?"

## Kuzungumza na waajiri

12. Wakiniuliza kwa nini niliachishwa, niseme nini?

Sema kweli, kwa kifupi, kisha rudi kwenye kazi. Mfano: "Niliachishwa mwezi wa tatu baada ya kutoelewana na msimamizi kuhusu zamu. Shauri liko kwenye taratibu zake. Kule nilikuwa napokea mzigo na kutunza leja ya ghala, na ndiyo kazi niliyoiomba hapa."

Tanga ni mji mdogo. Msimamizi wako wa zamani na meneja mpya huenda wanaswali msikiti mmoja au walisoma pamoja shule ya Usagara. Ukidanganya itajulikana, na uongo kwenye maombi ya kazi ni sababu halali ya kukuondoa tena. Vile vile usimwage yote: kumsema vibaya bosi wa zamani kwa nusu saa kunamfanya msikilizaji ajiulize utamsemaje yeye. Kama kuna tuhuma za wizi, tazama swali la 23.

13. Naweza kuomba siku za kufikiri bila kuonekana naringa?

Unaweza, na mwombe kwa adabu yenye tarehe. "Habari za kazi, Bi. Nashukuru sana kwa nafasi mliyonipa. Naomba nipatiwe mkataba niusome, nami nitawajibu Alhamisi kabla ya saa kumi jioni." Siku tatu hadi tano za kazi ni za kawaida. Kisha Alhamisi jibu kweli, hata kama ni kuomba siku moja zaidi. Mwajiri anayekwambia "saini sasa hivi au uache" anakuonyesha atakavyokushughulikia ukiwa ndani.

Mwajiri wa pili naye mwambie kwamba una ofa nyingine yenye tarehe. Si lazima umtajie nani wala kiasi gani.

14. Sina kazi. Nina uso gani wa kuomba waongeze mshahara?

Wewe ni yule yule uliyekuwa na ujuzi wako kabla ya barua ya kuachishwa. Omba jambo moja, lenye sababu: nauli ya Pongwe, au mshahara upitiwe baada ya kipindi cha majaribio, na liandikwe. Kama kiwango ni cha chini sana, nenda Ofisi ya Kazi uulize kima cha chini cha sekta hiyo. Kinatofautiana kati ya viwanda, kilimo, biashara na kazi za nyumbani, na hakuna mkataba unaoruhusiwa kushuka chini yake.

15. Ile ninayoikataa, niikataeje?

Mapema na kwa mdomo wako, ikibidi kwa simu. Shukuru, sema umechukua nafasi nyingine, basi. Usinyamaze. Huyo uliyemkataa leo unaweza kumhitaji mwakani.

## Nyumbani

16. Mume wangu na mama mkwe wanasema nichukue yoyote, aibu ya kukaa nyumbani imezidi.

Aibu hiyo naijua, inawala hasa wanaume lakini dada zetu pia. Usibishane kuhusu aibu. Kaa nao na karatasi ya hesabu kama ile ya swali la 7, waone makato, nauli, ada na kodi ya nyumba. Mume akishika kalamu mwenyewe, mazungumzo hubadilika. Na waombe muda unaojulikana: "Nipeni mpaka Ijumaa ijayo." Ukisema "nitaona", watakusukuma kila siku.

Kama kuna mimba au mnaipanga, uliza kuhusu likizo ya uzazi: siku 84, au 100 kwa pacha. Ni haki ya kisheria, lakini tafuta kujua kama kuna mama aliyewahi kuichukua pale na akarudi kwenye nafasi yake.

17. Nimeswali istikhara na moyo umeelekea kwenye ofa yenye mshahara mdogo. Nifuate?

Sheikh wako atakujibu upande wake kuliko mimi. Ninachokiona ni kwamba wazee wetu walitangulia kuuliza watu wenye ujuzi, kisha wakaomba. Kama umeshasoma mikataba yote miwili, umefika getini, umefanya hesabu, na moyo bado uko pale pale, basi hujafuata upepo. Kama hujafanya hayo, yafanye kwanza.

18. Ofa moja ni Dar, nyingine hapa hapa. Ya Dar ni kubwa mno.

Kutoka stendi ya Kange hadi Dar ni kama kilomita 350, kwa hiyo huwezi kulala kwenu. Wenye nyumba kule hutaka kodi ya miezi sita, wengine mwaka. Chumba cha 150,000 kwa miezi sita ni 900,000 kabla hujanunua godoro. Uliza kama mwajiri atakukopesha hiyo na kuikata kidogo kidogo. Kisha hakikisha mkataba umeandika kwamba umeajiriwa kutoka Tanga. Mwajiri anayekuachisha mahali tofauti na alikokuajiri anawajibika kukusafirisha kurudi, wewe na mizigo yako, na asiwe na la kusema kwamba alikuokota Kariakoo.

## Mambo yasiyotokea kila siku

19. Nimesaini moja, nimefanya siku tisa, sasa ile nzuri zaidi imeniita.

Ndani ya mwezi wa kwanza notisi ni siku 7. Baada ya hapo, kwa mshahara wa mwezi, ni 28, na mkataba unaweza kuweka zaidi. Toa notisi ya maandishi, ifanyie kazi mpaka mwisho, rudisha vifaa na uandikiwe kwamba umevirudisha. Mwajiri mzuri wa pili atakusubiri siku 7. Kwanza, lakini, hakikisha ofa ya pili iko kwenye maandishi na ina saini. Nimewaona walioacha kwa simu ya "njoo tu".

20. Mwajiri wangu anapunguza watu, amenipa nafasi nyingine ndani ya kampuni yenye cheo kidogo. Nina ofa nje pia. Nikimkatalia?

Hapa nenda taratibu. Anayepunguzwa kazini akikataa nafasi mbadala bila sababu ya msingi anaweza kupoteza kile kiinua mgongo cha swali la 2. Kushushwa mshahara sana au kuhamishwa mbali na familia ni sababu zinazoweza kusikilizwa. Kutopenda tu si sababu. Jibu kwa barua ukieleza, usiondoke kimya kimya kwenda kwenye ofa ya nje.

21. Mwajiri wa zamani ananiita nirudi, anasema "tusahau yaliyopita".

Uliza unarudi kama nani: muda wako wa kazi wa zamani unaendelea kuhesabiwa au unaanza upya? Hiyo ndiyo tofauti kati ya miaka 8 ya kiinua mgongo na sifuri. Kama kuna shauri CMA, makubaliano yaandikwe mbele ya msuluhishi. Usilifute kwa ahadi ya simu.

22. Nina miaka 52. Kwangu cha muhimu ni nini?

Michango. Pensheni ya NSSF inahitaji angalau miezi 180 ya michango, na kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Pata taarifa yako, hesabu umebakiza mingapi. Kama una miezi 150, ofa ndogo yenye michango kwa miaka miwili na nusu inaweza kuwa bora kuliko kubwa isiyo nayo. Namba yako ya uanachama ni ile ile, usikubali kufunguliwa nyingine.

Kijana mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu naye aweke kwenye hesabu asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

23. Niliachishwa kwa tuhuma za wizi ambazo sikufanya. Ofa zote mbili wameomba barua ya mwajiri wa zamani.

Wapelekee cheti cha utumishi, na watajie wadhamini wengine waliokuona ukifanya kazi: mhasibu aliyehama, msimamizi wa zamu, hata mteja mkubwa mliyekuwa mnampelekea mzigo. Eleza kabla hawajasikia kwingine: kulikuwa na tuhuma, umezipinga, shauri lina namba. Kama polisi hawakukufikisha mahakamani, sema hivyo. Huenda ofa moja ikaondoka, na inauma. Ile itakayobaki imebaki ikijua.

24. Nimepata ofa ya kazi za ndani Oman, na nyingine ya hoteli Pangani.

Ya Oman usiitazame mpaka ujue wakala amesajiliwa. Waulize TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Mkataba uusaini ukiwa hapa, na uache nakala yake na ya pasipoti kwa ndugu. Kama wakala anataka usafiri kwanza na mkataba ufuate, chukua Pangani.

25. Nimezisoma zote, na zote ni mbaya.

Basi huna ofa mbili nzuri za kuchagua, na si kosa lako. Kama sufuria haina kitu, chukua ile unayoweza kuitoka kwa notisi fupi, isiyokufunga kwa deni la mafunzo wala sare, na iliyo karibu na nyumbani ili upate muda wa kuendelea kutafuta. Usiwaambie wanaokutafutia kwamba umeshapata. Waambie umejishikiza, na kwamba wakisikia nafasi ya ghala, ya karani au ya fundi, wakupigie.